Tembe ya Alfajiri



Wiki hii mazungumzo yetu ni juu ya tembe moja ndogo, isiyofika hata ukubwa wa punje ya mbaazi, ambayo kina mama wengi hunywa kila siku na si wote walioelezwa sawasawa namna ya kuinywa. Ni dawa ya thairoidi, iitwayo levothairoksini.

Naanza na kisa cha nyumbani kwetu, kwa idhini ya mwenyewe.

Wifi yangu alijifungua mtoto wake wa tatu. Arobaini ikapita, mwaka ukapita, naye hakurudia hali yake. Alichoka kabla ya adhuhuri kama mtu aliyebeba mizigo mchana kutwa. Nywele zilimkatika zikajaa kwenye kitana. Mji mzima ukilalamika joto la Januari, yeye alijifunika shuka. Mwili ulinenepa ilhali sahani yake haikuongezeka. Wako waliosema ni uvivu, na wako waliosema ni husuda. Hatimaye damu ilipimwa, ikaonekana tezi yake ya thairoidi imepungukiwa na nguvu. Daktari alimwanzishia tembe ya mikrogramu 50, kisha 75, kisha 100, kisha 125, mwisho 150. Kila akipimwa, jibu lilikuwa lile lile: homoni haitoshi.

Siku moja nililala kwake. Asubuhi tukakaa mkekani mbele ya mahamri, mbaazi za nazi na chai ya maziwa. Kando ya kikombe chake aliweka tembe tatu: ya thairoidi, ya kuongeza damu, na ya kalisiamu kwa ajili ya mifupa. Akazimeza zote kwa mkupuo mmoja wa chai. Nikamuuliza, “Wifi, ndivyo ulivyoambiwa?” Akanijibu kwa mshangao, “Daktari aliniambia ninywe asubuhi. Kwani hii si asubuhi?”

Hakuwa na kosa. Alifuata neno aliloambiwa. Neno lenyewe ndilo lililokuwa nusu. Nikamweleza nilivyojua: dawa ya thairoidi hunywewa kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, mbali na chakula na mbali na dawa nyingine. Akashika shauri langu kuanzia siku ya pili yake.

Kufikia mwezi wa pili alinipigia simu usiku. Moyo wamwenda mbio, mikono yamtetemeka, usingizi umemkimbia, na hasira humpanda kwa jambo dogo. Mama mkwe alikwisha kumwita sheikh aje amsomee. Kisomo ni kheri, wala hakuna anayekataa. Lakini tuliomba na damu ipimwe pia. Majibu yakaonyesha kwamba sasa homoni imezidi. Zile mikrogramu 150 alizoongezewa hatua kwa hatua zilikuwa za mwanamke ambaye nusu ya dawa yake ilipotelea kwenye chai. Tulipoirekebisha saa, dawa yote ikaingia mwilini, na kipimo kikawa kikubwa kupita haja yake. Daktari akamrudisha kwenye 100, na leo, alhamdulillahi, hali yake ni njema.

Kosa la hapo lilikuwa langu. Nilimwambia abadilishe saa, nisimwambie amjulishe daktari. Nami nilijifunza lililonifanya niandike makala haya: katika dawa hii, kubadilisha wakati ni kubadilisha kipimo. Huwezi kugusa kimoja ukadhani kingine kimebaki pale pale.

Tezi na mwito wake

Thairoidi ni tezi iliyo mbele ya shingo, chini ya kongomeo, yenye umbo la kipepeo aliyekunjua mbawa. Homoni zake ndizo zinazoamua kasi ya mwili: mapigo ya moyo, joto, choo, hedhi, ukuaji wa nywele, hata wepesi wa fikra. Zikipungua, kila kitu hupunguza mwendo. Ndipo mtu huchoka, husikia baridi, hufunga choo, ngozi humkauka, hedhi humzidi au humchafukia, mimba huchelewa, na moyo huingia huzuni isiyo na sababu.

Sababu za upungufu huu ni kadhaa. Iliyo mashuhuri ni ugonjwa ambao kinga ya mwili wenyewe huishambulia tezi. Huitwa kwa jina la tabibu wa Kijapani, Hakaru Hashimoto, aliyeueleza mwaka 1912. Wengine hupatwa baada ya kufanyiwa upasuaji wa rovu, na wengine baada ya kujifungua. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume, tena kwa tofauti kubwa.

Kabla ya kujulikana tiba, maradhi haya yakizidi yalimdhoofisha mtu hadi kufa. Mwaka 1891 tabibu George Murray, katika mji wa Newcastle, Uingereza, alimtibu mwanamke wa miaka 46 kwa maji ya tezi ya kondoo. Mwanamke yule aliishi miaka 28 zaidi, na katika muda huo alitumia dawa iliyotokana na tezi za kondoo zaidi ya 870. Leo kazi ya kondoo wale hufanywa na tembe ndogo inayotengenezwa kiwandani.

Hapa kina mama huuliza: je, dawa hii hutokana na nguruwe? Homoni ya levothairoksini hutengenezwa kwa kemikali, haitoki kwa mnyama. Lakini iko dawa nyingine ya unga wa tezi iliyokaushwa, na hiyo kwa kawaida hutolewa kwa nguruwe. Huuzwa ng'ambo na mitandaoni. Basi soma jina kwenye pakiti, na umuulize mfamasia kama una shaka.

Sasa tuje kwenye lile jibu la maabara ambalo huwachanganya wengi, liitwalo TSH. Mtu huona namba imepanda, akadhani dawa imezidi, akapunguza. Kumbe ni kinyume chake. TSH ni sauti ya tezi ndogo iliyo chini ya ubongo inayoiita thairoidi ifanye kazi. Mfikirie mama anayemwita mtoto aliye chumbani. Mtoto asipoitika, mama hupaza sauti. Akiitika, sauti hushuka. TSH ikiwa juu, maana yake homoni ni pungufu na mwili wapiga kelele kuitaka. TSH ikiwa chini mno, homoni imezidi. Kwa watu wazima wengi kiwango cha kawaida ni baina ya 0.4 na 4.0 hivi, ingawa kila maabara ina mipaka yake, na mjamzito ana mipaka ya peke yake.

Tumbo tupu, maji matupu

Hata katika hali iliyo bora, mwili hupokea kiasi cha asilimia 60 hadi 80 tu ya dawa hii. Chakula kikiwapo, kiasi hicho hushuka. Kwa hiyo kanuni ni hii: inywe kwa maji, kisha ungoje nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula au kunywa kitu kingine. Kahawa huizuia, iwe chungu au ya maziwa. Maziwa na soya vilevile. Ama dawa za kuongeza damu, za kalisiamu na za kutuliza kiungulia, hizo huishika tumboni zisiiachie. Ziweke mbali nayo kwa saa nne. Dawa ya damu inaweza kunywewa adhuhuri, na kalisiamu baada ya chakula cha usiku.

Sisi tuna neema ambayo wengine hawana. Pwani yetu iko karibu na ikweta, na adhana ya Alfajiri haisogei sana mwaka mzima. Huwa karibu na saa kumi na moja. Mwenye kuamka kwa sala ana saa isiyohitaji kengele. Weka tembe na bilauri ya maji kando ya kitanda. Ukiamka, meza, nenda ukatawadhe, uswali, ulete nyiradi zako, usome ukurasa wa Qur'ani, uandae watoto wa shule. Utakapoketi kwa chai, saa imekwisha kupita, wala hukuiona ikipita.

Mwanamke aliye katika siku zake asije akalala hadi saa mbili kwa kuwa hana sala, kisha akainywa tembe na chai kwa haraka. Siku hizo pia dawa ina saa yake.

Asiyeweza asubuhi anaweza kuinywa usiku wakati wa kulala, mradi zimepita saa tatu tangu alipokula mara ya mwisho. Njia hiyo nayo ni sahihi. Lisilo sahihi ni kuchanganya: leo alfajiri, kesho na mahamri, kesho kutwa usiku. Daktari hawezi kupima kipimo cha mtu ambaye kila siku ana tumbo jipya. Na ukitaka kuhama kutoka asubuhi kwenda usiku, mwambie kwanza.

Ukisahau asubuhi, inywe ukikumbuka siku hiyo hiyo tumbo likiwa tupu. Ukisahau siku nzima, muulize daktari wako mapema akuambie la kufanya ili usibuni mwenyewe. Siku moja haiangushi mtu. Mazoea ya kusahau ndiyo yanayoangusha.

Hesabu ya arobaini

Dawa nyingi huzihisi siku ile ile. Hii sivyo. Baada ya siku saba, nusu ya kiasi ulichomeza leo ingali mwilini. Kwa hiyo kila mara kipimo kinapobadilishwa, huchukua karibu wiki sita damu kutulia katika hali mpya. Anayepimwa baada ya wiki mbili hupata jibu la safari isiyofika mwisho. Sisi tumezoea hesabu ya arobaini, nayo yakaribiana sana na wiki sita: badilisha kipimo, hesabu arobaini, kisha nenda maabara.

Subira hiyo ndiyo inayowashinda wengi. Mtu hunywa siku kumi, haoni nafuu, akaongeza tembe ya pili kwa shauri la jirani. Au huona nafuu, akaacha. Yote mawili ni kujidhulumu. Dawa ikizidi kwa muda mrefu huvuruga mwendo wa moyo, hasa kwa wazee, na hudhoofisha mifupa ya mwanamke aliyekoma hedhi. Na yuko anayemwomba nduguye tembe zake ili apunguze unene kabla ya harusi. Dada, hiyo si dawa ya umbo. Moyo wako ni amana.

Kipimo hutegemea mtu. Mtu mzima ambaye tezi yake haifanyi kazi kabisa huhitaji kiasi cha mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 60 atafika karibu 100. Mzee au mgonjwa wa moyo huanzishwa kwa 25 au chini yake, na kupandishwa polepole. Kuna mambo yanayoweza kukibadilisha: uzito kupanda au kushuka sana, vidonge vya kupanga uzazi vyenye homoni ya estrojeni, baadhi ya dawa za kifafa, na dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini. Mjulishe daktari wako kila unapoanza au unapoacha dawa hizo. Ikiwa duka la dawa limekupa tembe za kiwanda kingine, mwambie pia, huenda akataka upimwe tena.

Liko jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Tembe za kurembesha nywele na kucha huwa na bayotini. Hiyo huwadanganya wapimaji: majibu ya damu huonekana mabaya au mazuri bila ya kuwa hivyo. Iache angalau siku mbili kabla ya kupimwa, na uwaambie maabara kwamba unaitumia. Na siku ya kupimwa, muulize daktari kama atataka damu itolewe kabla ya kunywa tembe ya siku hiyo.

Mimba na uzazi

Hapa nawaomba mabinti na mama zao wasome mara mbili. Katika miezi ya mwanzo ya mimba, mtoto hana homoni yake. Hutegemea ya mama, na ubongo wake unajengwa kwa hiyo. Kwa hiyo haja ya mama hupanda mapema, tena kwa robo hadi theluthi hivi ya kipimo chake. Mwanamke anayetumia dawa hii asingoje kliniki ya mwezi wa nne. Siku anayoona mimba imeingia ndiyo siku ya kumjulisha daktari. Madaktari wengi huwapa wagonjwa wao agizo mapema: ukijua una mimba, kunywa tembe tisa kwa wiki badala ya saba, kisha uje upimwe. Omba agizo lako kabla, liandikwe, ulihifadhi. Baada ya hapo damu hupimwa kila wiki nne hivi mpaka katikati ya mimba.

Wako wanaoacha dawa wakishika mimba kwa kuhofia kumdhuru mtoto. Nia ni njema, lakini madhara yako katika kuacha. Hii ni homoni ile ile ambayo mwili ungeitengeneza. Na kwa kuwa kliniki ya wajawazito hutoa dawa za damu, kumbuka zile saa nne.

Baada ya kujifungua, kwa kawaida kipimo hurudishwa kilipokuwa kabla ya mimba, na damu hupimwa baada ya wiki sita. Arobaini ikitoka, mtoto akinyolewa na mzazi akitoka nje, basi safari mojawapo iwe ya maabara. Dawa hii, kwa kipimo sahihi, haizuii kunyonyesha.

Mwezi wa Ramadhani

Ugonjwa huu ukitibiwa vyema, kwa kawaida haumzuii mtu kufunga. Lakini tembe humfunguza, kwa hivyo saa yake lazima ihame, na tumeshaona kwamba kuhama kwa saa ni kuhama kwa kipimo. Zungumza na daktari wako wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Njia ni tatu.

Ya kwanza ni kabla ya daku: amka saa tisa na nusu, meza tembe, swali rakaa zako za usiku na uandae chakula, kisha ule saa kumi na robo. Aliyezoea tembe ya alfajiri huona njia hii ina ukaribu na ada yake.

Ya pili ni wakati wa kufuturu: fungua kwa maji na tembe, ukaswali Magharibi, na ungoje nusu saa au zaidi. Maji nayo yamo katika Sunna ya kufuturu. Lakini tuseme kweli: ni nani awezaye kuketi nusu saa mbele ya kaimati na sambusa, watoto wakila, yeye akitazama? Ukiweza, sawa. Usipoweza, usiichague njia hiyo, kwani tembe na uji kwa pamoja ni ile ile chai ya wifi yangu.

Ya tatu ni wakati wa kulala, saa tatu baada ya kula. Katika nyumba ambazo chakula kikubwa huliwa baada ya tarawehe, njia hii ni nzito. Katika nyumba zinazomaliza kula mapema, ni nyepesi.

Chagua moja ushikamane nayo mwezi mzima, kisha baada ya Idi muulize daktari kama yafaa upimwe. Ukihitaji kupimwa damu ukiwa umefunga, katika madhehebu ya Shafi yafuatwayo sana Pwani kutolewa damu hakubatilishi saumu. Na ambaye daktari amemwambia hali yake haijatulia, akumbuke kwamba Mola wetu, katika Sura ya Al-Baqara, amempa mgonjwa ruhusa ya kulipa siku nyingine. Ruhusa ya Mwenyezi Mungu ni rehema, wala si aibu. Amuulize sheikh wake pamoja na daktari wake.

Kuihifadhi

Joto, unyevu na mwanga huiharibu dawa hii, na sisi tunaishi katikati ya vyote vitatu. Pakiti nyingi huagiza iwekwe mahali pasipozidi nyuzi 25. Basi usiiweke jikoni karibu na jiko, wala bafuni, wala ndani ya gari, wala dirishani. Iweke katika chumba chenye ubaridi kuliko vyote, pakavu na penye kivuli. Usiitoe kwenye karatasi yake ukaijaza kwenye kikopo. Toa moja ya siku hiyo tu. Soma tarehe ya kwisha. Anayesafiri kwa Hija au Umra abebe za kumtosha na ziada, katika mkoba wa mkononi.

Ndugu wasomaji, kwa wengi dawa hii ni ya umri wote, na jambo la umri wote halishikwi kwa nguvu bali kwa mazoea. Wiki hii, ukiwa na mama, dada au wifi anayeinywa, usimwulize kama anakunywa dawa. Muulize anainywa saa ngapi, kwa nini, na pamoja na nini. Na ukigundua kosa, usifanye nilivyofanya mimi. Msindikize kwa daktari kabla hajabadilisha chochote.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na atujaalie kuzitunza neema zake. Amin. Tukutane wiki ijayo, inshaallah.

Wabillahi tawfiq.